Kijana Asiyemo Kwenye Orodha

Duka la vitabu la Bariadi mjini ni duka la shule kwanza, la vitabu baadaye. Kwenye meza ya mbele kuna kaunta buku, rula, mikebe ya hesabu na kalamu za bluu kwa boksi. Nyuma ya muuzaji, rafu ya mitihani iliyopita na notsi za kila somo. Riwaya zipo, ila ni zile zinazotoka kwenye mtihani, na muuzaji ana swali moja tu: "Kidato cha ngapi?" Mwambie unatafuta hadithi ya kujisomea, atakutazama kama mtu aliyeingia duka la dawa kuulizia mbolea.

Nimeanza na duka kwa sababu mjadala wa riwaya za vijana wanaopenda watu wa jinsia yao, kila unapozuka nchini, huanzia kwingine kabisa: kwenye mimbari, kwenye sheria, kwenye "mila na desturi zetu". Huko kuna ya kusema na nitafika. Lakini kabla hujauliza kama kitabu cha namna hiyo kiruhusiwe Simiyu, uliza kwanza ni kitabu gani cha vijana, cha aina yoyote, kinachofika Simiyu bila kubebwa na mtihani. Mkoa huu ulimegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497 katika wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na sehemu kubwa yao ni watoto na vijana. Kwa pamba, mkoa huu ndio kinara wa nchi. Kwa hadithi za kujisomea hauongozi wala haufuati. Haumo kwenye mbio.

Sheria tuimalize haraka, maana si ndefu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyokazwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kinaadhibu tendo lenyewe, na adhabu ni kuanzia miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Kuna pia kifungu cha 175 kinachohusu machapisho machafu, na "uchafu" ni neno linalovutika kama mpira wa manati. Mhusika wa riwaya hatajwi popote. Kwa maandishi, basi, kuandika kwamba kijana wa miaka kumi na sita amempenda mwenzake si sawa na tendo linaloadhibiwa. Kwa vitendo, hakuna mchapishaji wa Dar es Salaam atakayejipima na mpira huo kwa kitabu cha nakala elfu moja. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule, Paul Makonda, alitangaza kuunda kikosi cha kuwasaka mashoga. Serikali Kuu ikajitokeza kusema huo ni msimamo wake binafsi. Mchapishaji aliyesoma habari zote mbili hakuhitaji wakili kumshauri.

Kisha ikaja Februari 2023. Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni kwa kukiuka maadili ya Kitanzania. Kulikuwamo vichache vinavyogusa elimu ya kujamiiana na utambulisho wa kijinsia, lakini vilivyojaza orodha vilikuwa vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Jeff Kinney, hadithi za kuchekesha za mvulana mvivu wa Kimarekani aitwaye Greg ambaye kazi yake kubwa ni kukwepa kazi. Anayemtafuta kijana shoga kwenye vitabu vya Greg atatafuta sana. Jambo hilo lina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu marufuku huwaonya na wasiotajwa. Muuzaji wa Bariadi anayepanda basi kwenda kufunga mzigo hasomi waraka wa Wizara. Amesikia redioni kwamba kuna vitabu vya watoto vimekamatwa. Kama hata cha katuni kimo, mstari umepita wapi? Hajui, na kwa kuwa hajui anarudi na mitihani iliyopita.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaosema tatizo ni marufuku. Marufuku ilikuta uwanja mtupu. Soko la hadithi nchini ni orodha ya shule, na orodha hutengenezwa Dar es Salaam na Dodoma. Kitabu kikiingia kinauzwa kwa maelfu mpaka Meatu ndani. Kisipoingia, mwandishi anagawia ndugu zake. Tuzo ya Burt, iliyoanza nchini mwaka 2008 kupitia Mradi wa Vitabu vya Watoto, ilijaribu kuvunja utaratibu huo kwa kuzawadia riwaya za vijana na kupeleka nakala shuleni na maktaba. Ilizaa waandishi wazuri. Lakini riwaya zake zilikuwa za Kiingereza, na mtoto wa Itilima anapenda kwa Kisukuma, anasali kwa Kiswahili, na Kiingereza anakitumia kujibu mtihani. Hadithi ya moyo ikimjia kwa lugha ya mtihani, ataitafutia maswali.

Twende kwenye lugha, maana ndiko mwandishi atakakokwama kabla hata hajafika kwa mchapishaji.

Amwiteje mhusika wake? Chukua "shoga". Pwani, neno hilo bado liko hai midomoni mwa wanawake: "shoga yangu" ni rafiki wa kusutana na kusitiriana naye. Likipanda bara linageuka tusi la wanaume, na Bariadi limefika likiwa tusi tayari. "Hanithi" lina hukumu ya kidini ndani yake. "Msenge" na "msagaji" ni mawe ya kurushiwa mtu. Upande wa pili kuna "mapenzi ya jinsia moja", maneno safi ya semina, yanayofaa ripoti, lakini mvulana wa kidato cha pili hawezi kulala macho juu usiku akiwaza "mapenzi ya jinsia moja". Anawaza kwamba leo fulani amemwita kwa jina. Kiswahili chetu kina maneno ya kumtukana kijana huyu na maneno ya kumwandikia mradi. La kumsimulia ndilo halijapatikana.

Nadhani si lazima litafutwe. Soma hapa:

Siku za mnada alikuwa anawahi kwenye kibanda cha juisi ya miwa, anakaa upande unaotazama barabara. Akimwona anakuja na baiskeli, moyo unamruka. Akishafika, anajifanya hajamwona. "Umekuja saa ngapi?" "Sasa hivi tu." Na glasi mbele yake zilikuwa tatu, tupu.

Soma tena. Nani mvulana, nani msichana? Wewe msomaji umeshawagawia jinsia, mmoja umemvalisha sketi na mwingine suruali, lakini maneno hayajasema. Kiswahili hakiipi nafsi ya tatu jinsia: a- ni a-, -m- ni -m-. Mwandishi wa Kiingereza au Kifaransa kwa kawaida hulazimika kuamua mapema. Wetu anaweza kufika ukurasa wa mia bila kuamua, na hatakuwa amedanganya mtu. Watunzi wa taarabu wameishi humo zaidi ya karne, mpenzi akiitwa ua, njiwa, chungwa, tabibu, na kila aliyekaa ukumbini akaondoka na wake. Wasukuma nao hawahitaji kufundishwa fumbo. Mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu yamejaa nyimbo ambazo mgeni husikia mtama na mwenyeji husikia jina la mtu.

Kuna watakaosema huko ni kujificha. Ndiyo, kwa sehemu. Ila fumbo lina kazi nyingine: linampa msomaji nafasi ya kumpenda mhusika kabla hajakumbuka kwamba ameambiwa amchukie. Bariadi tunalijua jambo hili kwa njia ya Gamboshi. Nchi nzima inakijua kijiji hicho kwa sifa za uchawi. Kila abiria wa basi ana kisa chake cha Gamboshi, na karibu wote hawajawahi kufika. Ukifika unakuta watu wanapalilia. Kijana shoga katika masimulizi yetu ni Gamboshi ya namna hiyo: visa ni vingi, waliofika ni wachache.

Si kweli, hata hivyo, kwamba fasihi inayosomeka kwa Kiswahili imelikwepa suala lenyewe. Imeliingiza kupitia mlango mmoja. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota walitoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Yusuf ana miaka 12 anapotolewa na baba yake kufidia deni, na katika msafara wa kwenda bara yumo mnyapara, Mohammed Abdalla, anayeogopwa pamoja na mambo mengine kwa unyama wake kwa wanaume. Ni riwaya kubwa, na ukatili ule una haki ya kusimuliwa, kwa sababu ulikuwapo na ungalipo. Lakini angalia kinachopita bila kelele: jinsia moja ikija kama ukatili wa mkubwa kwa mdogo, kitabu kinauzwa. Vijana wawili wa rika moja, wanaopendana bila mmoja kumnyanyasa mwenzake, ndio wenye kizuizi. Matokeo yake ni mabaya hata kwa anayepinga ushoga kwa moyo wote. Mtoto aliyenyanyaswa na kijana aliyependa wanawekwa chungu kimoja, na yule wa kwanza, aliyestahili kulindwa, ananyamaza akiogopa kuitwa jina la yule wa pili.

Kwa hadithi za ujana kwa jumla, mlango mwingine uliozoeleka ni kaburi. Kizazi kizima cha kidato cha tatu na cha nne kimesoma Kilio Chetu, tamthilia ya Medical Aid Foundation, na Orodha ya Steve Reynolds. Zote mbili zinazungumza ngono na UKIMWI waziwazi kuliko mzazi yeyote wa Maswa. Ziliwezekanaje shuleni? Joti wa Kilio Chetu anakufa. Furaha wa Orodha anakufa. Nusu karne iliyopita, Rosa wa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, binti anayechapwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana, naye anakufa. Mkataba wetu na riwaya ya ujana uko wazi: sema lolote, mradi mwishoni tuzike. Unafaa kupitisha kitabu kwenye kamati, lakini msomaji wa miaka kumi na tano anajifunza kwamba watu wenye hisia kama zake hawamalizi kitabu.

Kanuni hiyo ilisemwa kinagaubaga Kenya. Mwaka 2007 Mganda Monica Arac de Nyeko alishinda Tuzo ya Caine kwa hadithi fupi, Jambula Tree, inayohusu wasichana wawili wa mtaa mmoja wa Kampala, Anyango na Sanyu. Wanuri Kahiu akaichota akatengeneza filamu ya Rafiki, na mwaka 2018 ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa tamasha la Cannes. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku, na Kahiu alieleza kwamba alitakiwa abadili mwisho: ulikuwa na matumaini mno. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany aliilegeza marufuku kwa siku saba, na Nairobi ikapanga foleni. Tafakari dai lile. Wasichana wale wangevumilika kama wangejuta. Lililowakera wakubwa ni kwamba mwishoni walikuwa bado wanaishi.

Wala si tabia ya Kiafrika. Marekani, riwaya ya John Donovan ya mwaka 1969, inayohesabiwa ya kwanza ya vijana kugusa jambo hili, inamfanya mvulana aamini kwamba kifo cha mbwa wake ni malipo ya kumbusu rafiki yake. Ilibidi kungoja hadi 1982, Nancy Garden alipoandika Annie on My Mind, wasichana wawili wapendane na kitabu kiishe bila maiti wala toba. Mwaka 1993 kitabu hicho kilichomwa moto eneo la Kansas City, kikaondolewa kwenye maktaba za shule, na mahakama ikaamuru kirudishwe mwaka 1995. Uingereza, nchi iliyotuachia kifungu cha 154, nayo ilikuwa na sheria ya kuzuia halmashauri kuutangaza ushoga tangu 1988, na haikuifuta kabisa hadi 2003. Anayesema hofu hii ni yetu peke yetu anatupa sifa tusiyostahili.

Ila kukopa kitabu chao hakutatusaidia. Riwaya ya Kimarekani ya aina hii hugeuka pale kijana anapowaketisha wazazi sebuleni na kuwatangazia. Jaribu kuipeleka Itilima. Sebule ipi? Baba yuko zizini, na ndoa ya kijana si habari yake mwenyewe, ni habari ya ng'ombe. Mahari ya dada ndiyo inayomwozesha kaka. Mifugo iliyoingia kwa binti wa kwanza imeshahesabiwa kutoka kwa mtoto wa kiume wa pili, na wajomba wanajua hesabu hiyo kwa rangi na pembe. Mvulana asiyetaka kuoa hajawatangazia chochote, amesimamisha mzunguko. Msichana asiyetaka kuolewa amezuia ng'ombe ambao kaka yake ameshawapangia safari. Humo ndimo riwaya ilimo, na hakuna mwandishi wa New York anayeweza kuiandika. Mama atajua mapema kuliko wote na hatasema. Shangazi ataulizia. Atatafutwa mganga kabla ya mchungaji, au mchungaji kabla ya mganga, kutegemea nyumba. Hakuna atakayetamka neno lenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila mtu atakuwa analizungumzia.

Ukitaka kujua kama wanafunzi wa Bariadi wanaweza kuisoma hadithi ya namna hiyo, jibu ni kwamba wameshaisoma. Inaitwa Takadini. Riwaya hiyo ya Ben Hanson ilikaa miaka mingi kwenye masomo ya Kiswahili ya kidato cha tatu na cha nne. Sekai, mke aliyehangaika kwa miaka bila mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila inasema auawe. Anatoroka naye usiku, anapokewa ugenini na mzee mpiga mbira, na mtoto anakua akijua kupiga mbira na akijua anavyotazamwa. Jina lake, Takadini, lina maana ya swali: tumefanya nini? Riwaya hiyo ilifundishwa katika ukanda ambao, kuanzia mwaka 2007, magazeti yalikuwa yakiripoti watu wenye ualbino wakikatwa viungo na kuuawa. Mwalimu aliingia darasani na kitabu ambacho mila ndiyo mshitakiwa, akauliza maswali ya dhamira na ujumbe, na watoto wa wafugaji wakaandika insha kumtetea Sekai dhidi ya wazee. Hakuna aliyesema riwaya inaharibu maadili. Na Takadini hafi. Anapenda, anapendwa, anarudi kwao.

Sisemi ualbino na ushoga ni jambo moja. Mmoja unaonekana tangu leba, mwingine mtu anaweza kuuficha mpaka kaburini. Mmoja sheria inamlinda, mwingine inamfunga. Wapo pia wazazi waaminifu, Wakristo na Waislamu, wanaoona tofauti hiyo ni ya dhambi na si ya rangi, nao hawafutwi kwa kuitwa washamba. Ninachosema ni kidogo zaidi: tumeshathibitisha kwamba darasa la Kiswahili linaweza kumweka mbele ya watoto mtu ambaye kijiji kinataka afe, likawauliza amefanya nini. Uwezo huo tunao.

Kitabu chenyewe kitatokea wapi, basi? Si kwenye orodha, kwa sasa. Naona simu. Hadithi za mfululizo tayari zinaishi kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook, sehemu ya kwanza bure, za mbele kwa kutuma pesa kwa simu, na mtunzi hahitaji kamati wala muuzaji wa kumwuliza kidato. Mlango huo nao umewahi kuwekewa bawabu: kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni mbili kabla ya kuandika neno. Tena wasomaji wa simu wanataka fumanizi kila sehemu, na fumanizi ndilo adui wa hadithi ninayoizungumzia. Lakini ukiniuliza wapi mtu ataandika kwa mara ya kwanza kuhusu vijana wawili na kibanda cha juisi ya miwa, akauacha ule a- ufanye kazi yake, nitakuonyesha kioo kilichopasuka cha simu ya mkononi.

Serikali yenyewe, kwa upande wake, imeanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu: mshindi anapata shilingi milioni kumi, na kitabu chake kinachapishwa na kupelekwa shuleni, ndoto ya kila mtunzi. Hutolewa tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu. Ndiyo tarehe aliyozaliwa Kezilahabi pia, mwaka 1944, Namagondo, Ukerewe, upande wa pili wa maji ukisimama Busega. Rosa Mistika yake ilitoka mwaka 1971, ikakatazwa kufundishwa madarasani, na baadaye ikawa kitabu cha kiada cha sekondari, Tanzania na Kenya.